Majina ya Ukerewe Ndani ya Laptopu ya Markham

Dawati letu la msaada lilikuwa chini ya ardhi. Madirisha yake yalikuwa membamba, juu karibu na dari, sawa na njia ya waenda kwa miguu, kwa hiyo mji wa Toronto niliufahamu kwanza kwa viatu vyake. Mwezi wa tisa vilipita viatu vipya vya wanafunzi wapya, visivyojua viendako. Januari yalipita mabuti yenye madoa meupe ya chumvi. Theluji ikianguka sana, dirisha lilijaa polepole kuanzia chini, na mwanga uliobaki ulikuwa kama maziwa yaliyotiwa maji. Sasa nimestaafu, nakaa ghorofani hapa Flemingdon Park nikilitazama bonde la Don, na bado kuna asubuhi naamka nikidhani niko kule chini, na mtu anashuka ngazi amekumbatia kompyuta kifuani kama mtoto mwenye homa.

Vijana wangu, siku ya sherehe ya jumuiya mlinizunguka mkaniuliza kazi yangu hasa ilikuwa nini. Mliuliza kwa Kiingereza. Nawajibu kwa Kiswahili kwa sababu nawajua: mnakisikia chote, mnaona tabu tu kukijibu. Na kwa kuwa wawili watatu kati yenu mmeanza kazi hii hii, nitawaeleza nilivyoiona, bila kufuata mpangilio wa miaka, maana miaka yenyewe kichwani mwangu imeshachanganyika kama nguo kwenye mashine.

Kazi ikisemwa haraka haivutii. Mtu ana programu ya barua pepe kwenye kompyuta yake. Chuo kina seva inayotunza barua hizo. Mimi nilikuwa naviunganisha viwili hivyo ili barua zipite bila mtu wa tatu kuchungulia. Basi. Ila katikati yake kuna binadamu, na binadamu ndiye aliyenipa ugali miaka yote hiyo.

Aliyenifundisha ni Winston, mzee kutoka Guyana, aliyekuwa pale tangu skrini zilipokuwa na maandishi ya kijani matupu. Somo lake la kwanza halikuwa la kompyuta, lilikuwa la mikono. Mikono yako iwe mfukoni, alisema. Fundi anayeshika kibodi ya mteja anamaliza upesi, lakini mteja anaondoka hajui lolote, na wiki ijayo atarudi na tatizo lilelile. Somo la pili: mteja akiandika nenosiri, geuza kiti chako kizima utazame ukuta. Si macho tu, kiti kizima, ili hata mwenye wasiwasi aone mgongo wako. Pale ukutani alibandika picha ya mto wa kwao, mpana, wa rangi ya chai. Naamini nimeutazama mto ule kuliko mto wowote wa Tanzania. Nyuma yangu watu waligonga vitufe vya siri zao, nami nilikuwa nimeshavuka ng'ambo.

Sasa somo la tatu, ambalo ni langu. Programu inapofika mlangoni kwa seva, seva hutoa cheti chake kuonyesha kwamba ni yenyewe. Cheti kikiwa na kasoro, onyo hutokea, na watu wote hubonyeza "endelea" bila kusoma. Msibonyeze. Onyo lile halitokei bure. Huenda jina la seva limeandikwa vibaya. Huenda mtu yuko kwenye waifai ya mkahawa inayojifanya kuwa ya chuo. Na huenda ni kama yule mwalimu wa falsafa, aliyekuwa akipata onyo kila asubuhi mpaka akadhani chuo kinamfuatilia. Nilimwomba anionyeshe saa ya kompyuta yake. Ilikuwa nyuma kwa miaka. Aliirudisha mwenyewe makusudi, ili programu fulani ya majaribio isiishe muda wake. Kwa kompyuta yake, vyeti vyote vya dunia vilikuwa bado havijazaliwa. Nilimwambia, akafikiri kidogo, akasema hilo angependa kulifundisha darasani.

Baadaye mambo yalibadilika. Chuo kiliamua kwamba programu za kwenye kompyuta zisitunze tena nenosiri. Ukitaka kuunganisha, programu inakufungulia ukurasa wa chuo wenyewe, unaingia hapo, kisha simu yako inakuuliza: ni wewe unayeingia? Ukikubali, programu inapewa kibali. Kibali kinaweza kufutwa siku yoyote, na nenosiri lako halikai popote. Ni njia nzuri. Mimi niliipenda tangu siku ya kwanza. Lakini inategemea jambo moja, kwamba yule anayeulizwa atakuwa tayari kusema hapana. Na hapo ndipo anapoingia Gulbanu.

Dada Gulbanu alikuwa mwalimu wa mimea pale chuoni, mama wa Kiismailia aliyezaliwa Nansio, kisiwani Ukerewe, ambako baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Aliondoka huko akiwa msichana, kwanza Mwanza, halafu huku. Kiswahili chake kilikuwa kilekile alichoondoka nacho, hakikuzeeka hata kidogo. Ukifumba macho ulimsikia mtoto wa shule. Siku ya kwanza aliposoma jina langu kwenye beji, Mwajuma, aliniuliza natoka wapi. Nikasema Tabora, Mnyamwezi. Akasema basi yeye ni Msukuma, na kuanzia leo mimi ni mtani wake na sina haki ya kununa.

Alikuwa mmoja wa wachache waliokataa kusoma barua kwenye simu. Alikuwa akisafiri kwa treni kutoka Markham, na kwenye treni alitaka kufungua laptopu na kusoma barua zake bila mtandao, taratibu, kama mtu anavyosoma kitabu. Nilimuuliza ni barua gani hizo. Akanifungulia kabrasha moja aliloliita Nyanzala.

Nyanzala alikuwa rafiki yake aliyekaa naye dawati moja Nansio. Alibaki, akawa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi alizunguka kisiwa kizima kwa niaba ya Gulbanu akiwauliza wazee majina ya mimea. Kila mmea aliuandikia barua yake. Kichwa cha barua kilikuwa jina la mmea kwa Kikerewe. Ndani alieleza unavyofanana, unaota wapi, nani amemwambia, na watu wanaufanyia nini: huu majani yake hufulia nguo, ule hutafunwa na mama aliyetoka kujifungua, ule hauchomwi kuni kwa sababu moshi wake huleta ugomvi nyumbani. Nyanzala aliandikia kwenye kompyuta za watu za kukodi, kwa anwani iliyofungwa zamani, kwa hiyo kwake hakukubaki nakala. Wazee waliomweleza wengi wao wameshazikwa. Gulbanu alikuwa akitengeneza kitabu kutokana na barua hizo, na kitabu hicho ndicho alichotaka kukiacha duniani. Alinieleza hayo bila kujisikitikia, kama mtu anayesema kituo anachoshukia.

Nilimuunganishia programu yake kwa njia mpya siku moja ya Februari, mikono mfukoni, kiti ukutani. Kompyuta ya ofisini kwanza, kisha laptopu. Simu iliuliza, akakubali, ikauliza tena kwa laptopu, akakubali. Akaenda zake kwa furaha.

Kesho yake asubuhi alishuka ngazi bila kompyuta. Alishika simu tu.

"Mwajuma, barua zangu hazipo."

"Zipi?"

"Zote. Nyanzala hayupo."

Niliuliza maswali kwa utaratibu, maana mtu aliyeshtuka ukimwacha aseme mwenyewe ataanzia mwisho. Ikaonekana kwamba wiki iliyopita alipata barua inayosema sanduku lake limejaa, akajaza nenosiri kwenye ukurasa uliofanana na wa chuo. Hapo wezi walipata nusu ya ufunguo. Nusu nyingine ilikuwa simu yake.

"Simu ilikuuliza kama ni wewe?"

"Leo kwenye treni. Mara ya kwanza nikaiacha. Mara ya pili nikaiacha. Ya tatu nikaona haya."

"Haya ya nini?"

"Nilijua ni wewe. Jana si ulikuwa unanitengenezea? Nikasema huyu Mnyamwezi wangu amefika kazini mapema, anapiga hodi, nami namwacha mlangoni na baridi yote hii. Nikamkaribisha."

Sikumcheka. Mimi na yeye tumelelewa mahali pamoja, ingawa msikitini kwetu si kwao na chakula chetu si chao. Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, na ya tatu ikipita bila jibu ataondoka akijua hakuna watu au ametengwa. Mtu mwenye adabu haiachi ya tatu ipite. Mzungu niliyefanya naye kazi angeikataa simu ile bila kufikiri. Gulbanu alifikiri, na malezi mema yakamjibia. Tangu siku hiyo, kila mteja wa kwetu nilimwambia hivi: hodi ya simu haijibiwi "karibu" kabla ya kuuliza "nani?" Na kama wewe mwenyewe hujabisha popote, basi huyo si wako, mwache agande.

Wale waliokaribishwa walituma barua za utapeli kwa jina lake, kisha, ili asione majibu, wakafuta kila kitu, makabrasha yote, na kapu la taka nalo wakalimwaga. Tulibadilisha nenosiri, nikafuta vibali vyote. Niliwapigia wenzetu wa seva. Walisema watajaribu, na kwa namna walivyosema nilielewa nisimpe mtu tumaini.

Kompyuta yake ya ofisini ilikuwa tupu tayari. Kwa sababu programu ya namna ile ni kioo: kinachofutwa kwenye seva kinafutika na kwenye kompyuta mara tu viwili vikikutana. Nikamuuliza laptopu iko wapi. Ameisahau nyumbani, juu ya meza ya jikoni. Ameifunika jana jioni.

Hapo nilihisi kitu kama kuamka. Laptopu ile ilikuwa haijakutana na seva tangu jana. Kwayo, leo haijafika. Barua zote za Nyanzala zilikuwa bado mle ndani, zimelala, na zitaendelea kuwamo mpaka mtu afunue kifuniko.

"Nyumbani yuko nani?"

"Nizar. Na Nizar kila mchana huifungua kuangalia kriketi."

Tulimpigia simu ya mezani, ile ya zamani yenye waya wake. Nizar, mume wake, alipokea baada ya muda mrefu. Hapana, hajaifungua, yuko kwenye simu yake ya mkononi na dada yake mkubwa, Shirin, amepiga video kutoka Mwanza. Gulbanu alimwambia asiiguse laptopu na achomoe rauta. Aliniambia pembeni kwamba Nizar akikatazwa kugusa kitu lazima akiguse ajue amekatazwa nini, kwa hiyo bora mtandao uzimwe kabisa.

"Nikichomoa dada atakatika," alisema Nizar.

"Muage kwanza."

"Ndiyo kwanza tumefika kwa watoto wa kaka. Mgongo wangu bado hajauulizia."

Kwa mbali tukasikia sauti ya mama mtu mzima ikiuliza ni nani huyo, ni Gulbanu, mbona hasalimii. Ikabidi Gulbanu, kazi ya maisha yake ikining'inia kwenye waya wa rauta, amwamkie wifi yake, aulizwe mguu, aulizwe theluji, na aulizwe kwa nini mwaka jana hakupiga simu siku ya Idi. Nami nilitazama dirisha. Buti moja lilisimama, likajikung'uta, likaenda. Hakuna kati yetu aliyeweza kumkatia simu dada mkubwa. Mwishowe nikaomba niwekwe kwenye spika.

"Shikamoo dada. Mimi ni fundi. Naomba nizime mtandao wa mdogo wako, kuna mali ya Gulbanu inataka kupotea."

"Marahaba. Fundi wa wapi wewe?"

"Tabora."

"Tabora. Haya, zima."

Nizar akachomoa.

Mkuu wangu aliniruhusu niondoke mapema, tukapanda treni ya mchana pamoja. Ilikuwa karibu tupu. Theluji ilianguka bila upepo, moja kwa moja, na behewa lilikwenda kimya hivi kwamba ungedhani ni nyumba na miti inayosogea, sisi tumekaa. Gulbanu aliegemeza kichwa kwenye kioo akaanza kuyataja majina aliyoyakumbuka, kwa sauti ndogo, kila moja na habari yake. Mti wa kufulia. Mti wa ugomvi. Majani yanayokunjuka alfajiri. Kila tulipopita kituo nilihisi tumeshuka kidogo zaidi kuelekea mahali penye joto, na nilipofumbua macho bado ilikuwa Scarborough, nyeupe, na nyaya za umeme zimebeba mistari ya theluji. Alipofika asilolikumbuka alinyamaza, akarudia la kabla yake, akanyamaza tena. Sikumsaidia. Singeweza.

Nizar alitupokea stesheni, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu. Aliniita shemeji papo hapo, akalalamika kwamba nyumba bila mtandao inasikika friji tu. Jikoni laptopu ilikuwa juu ya meza, naye ameifunika kwa kitambaa cha meza, ili, alisema, isimtie majaribuni.

Gulbanu aliifungua mwenyewe. Programu ikaamka, ikatafuta seva, ikakosa, ikalalamika kwa maandishi madogo mekundu. Kabrasha la Nyanzala lilikuwapo. Vichwa vya barua vilijipanga kimoja chini ya kingine, majina ya Kikerewe yote, mpaka mwisho wa skrini na zaidi. Nizar alimshukuru Mungu. Gulbanu alibonyeza barua moja, ikafunguka. Ya pili, ikafunguka. Akateremka mpaka za mwanzo kabisa, akabonyeza, na badala ya barua ukatokea ukurasa mweupe wenye sentensi moja: ujumbe huu haujapakuliwa, unganisha mtandao uusome. Chini yake kitufe cha kuunganisha.

Hili ni jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Programu nyingi huleta kwanza vichwa vya barua tu, na mwili wa barua huja siku utakapoifungua. Laptopu ile ilikuwa mpya. Alizokuwa amezifungua humo mtandao ukiwapo, ili azisome kwenye treni, zilikuwa nzima. Zile za mwanzo kabisa, ambazo hakuwa amezirudia, zilikuwa majina matupu.

"Si uunganishe tu?" alisema Nizar. "Imekuambia uunganishe."

Kidole cha Gulbanu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kuna wakati mikono mfukoni inauma. Nilimwambia polepole kwamba akiunganisha, programu haitaleta zile chache. Itakutana na seva, itaona seva tupu, na itafuta hata hizi nzima. Alibaki hivyo, kidole juu, akiutazama ukurasa mweupe. Alikuwa anamtafuta, aliniambia baadaye, bibi mmoja wa kijiji cha Ilangala, mzee wa kwanza kabisa aliyemweleza Nyanzala mimea. Maneno ya bibi huyo yote yalikuwa kwenye zile za mwanzo.

Kisha akakiondoa kidole.

Nilimwelekeza atengeneze kabrasha lisilohusiana na seva, la kompyuta yenyewe tu, akazinakili barua humo, halafu akazitoa nakala kwenye diski mbili. Ndio utaratibu, uandikeni: kwanza kata mtandao, kisha fungua, kisha nakili nje ya kioo, na ndipo uunganishe. Alifanya yote mwenyewe. Nizar alitupa chai ya maziwa na vitumbua alivyovipasha mpaka vikakauka, na hakuna aliyemlaumu. Tulipounganisha, kabrasha la seva lilififia mstari mmoja mmoja mbele ya macho yetu, kama pumzi kwenye kioo cha dirisha, na lile la kompyuta likabaki.

Asubuhi iliyofuata alikuja kwenye dawati langu amebeba laptopu. Alikuwa hajalala vizuri. Alisema kuna simu lazima aipige na hataki kuipiga peke yake. Huko Ukerewe ilikuwa jioni. Akaweka spika, na Nyanzala akapokea, sauti ya mwalimu, kavu, ya mtu aliyezoea kusikika mpaka benchi la nyuma. Gulbanu alimweleza yote bila kujipunguzia, hodi na karibu, wezi, kioo. Nyanzala alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo majina unayo," alisema. "Maelezo ya yale ya kwanza huna."

"Sina. Na bibi wa Ilangala hayupo. Nimempoteza mara ya pili."

"Hayupo, kweli. Lakini miti ipo, Gulbanu. Ule wa kwanza uko nyuma ya zahanati, juzi nimepita hapo. Mimi nilikuandikia kwa sababu ulikuwa mbali. Aliyoniambia bibi ninayakumbuka nikiwa nimesimama mbele ya mti, nikiwa mezani siyakumbuki. Na macho yangu siku hizi hayataki kuandika."

"Sasa tutafanyaje?"

"Njoo nikuonyeshe."

Gulbanu alicheka kidogo, cheko la kuomba msamaha. Akasema ameondoka huko mtoto, hakuna anayemjua, duka la baba yake sasa hata halijui ni la nani.

"Wewe ndiye uliyeondoka," alisema Nyanzala. "Mimi niko palepale."

Kimya cha simu ya mbali kina sauti yake, na ndani yake nilisikia kuku, na mtoto akiita mtu, na kitu kama jembe likigonga jiwe. Gulbanu aliigeuza laptopu kunielekea.

"Mwajuma, mahali pasipo mtandao kabisa, barua hizi zitafunguka?"

"Zilizo nzima zitafunguka. Na za baadaye nitakuonyesha kuiambia programu izilete nzima nzima, si vichwa tu."

"Nionyeshe sasa."

Akavuta kiti, akaanza kufuata nilivyomwelekeza. Simu ilikuwa bado wazi juu ya dawati.

"Mbona kimya?" aliuliza Nyanzala. "Huyo mwenzako anafanya nini?"

Nikamjibu mimi, kwa kuwa Gulbanu alikuwa ameinamia skrini na hakusikia.

"Anafunga mizigo," nilisema.